Mwaka wa Nyanya Tano

Mwezi uliopita nilikwenda arusini Kibuli, arusi ambayo pilau yake ingelisha nusu ya Kampala, na ile nusu nyingine ikafungiwa ya kwenda nayo nyumbani. Nilikuwa nimekaa mkekani na hereni zangu, mtandio wangu wa kuazima na heshima zangu zote, mwanamke wa makamo mwenye duka la vyombo sokoni Owino, mtu wa kusalimiwa. Ghafla kikongwe mmoja akanishika mkono kwa nguvu za mtu aliyemkamata mwizi wa kuku. Akanitazama usoni, akarudi nyuma kidogo, akanitazama tena. "Banange!" akasema, kwa sauti iliyosimamisha vijiko hewani katika mikeka mitatu. "Si ni wewe Tano? Tano wa Kalerwe?" Alikuwa Nnaalongo, mama wa mapacha, aliyekuwa na hoteli ya chakula karibu na soko la Kalerwe enzi za ujana wangu. Mama wa bwana arusi, ambaye tangu asubuhi nilikuwa najitahidi anione mtu wa maana, akauliza kwa upole Tano maana yake nini. "Ni hadithi ndefu," nikasema. "Ni fupi," akasema Nnaalongo, ambaye l na r mdomoni mwake hubadilishana viti. "Huyu alininyima nyanya moja, nikamwacha wiki mbiri. Imekwisha." Basi ile ya kwake ndiyo fupi. Ya kwangu ni hii, na mnaonijua mnajua kwamba chai ya kikombe kimoja mimi huisimulia kwa birika mbili.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Habari za ukoo wetu naziruka, maana wazee wetu wa Kibuli wakianza kuhesabu mababu waliokuja na misafara ya biashara kutoka pwani, mtu anaweza kuoa, kuzaa na kuozesha kabla hawajafika kwa baba yangu. Yatosha kusema kwamba mchana nilikuwa nauza nyanya Kalerwe, kwenye meza isiyokuwa yangu, na jioni nilikuwa nasoma uchumi Kibuli, kwenye dawati lisilokuwa saizi yangu. Darasa letu la watu wazima lilikuwa la kuazima. Mchana walisoma humo watoto wa chekechea, na madawati yalikuwa yao. Tuliokaa humo tulikuwa watu kumi na mmoja wenye magoti yaliyofika masikioni. Palikuwa na konstebo mmoja mnene ambaye kila akisimama kujibu swali dawati lilisimama naye, likabaki limemng'ang'ania kiunoni kama mtoto asiyetaka kuachwa. Ukutani palikuwa na picha ya mbuzi, picha ya embe na nambari moja mpaka kumi. Chini ya mbuzi huyo ndipo mimi nilipojifunza kwa mara ya kwanza kwamba duniani kuna kitu kinachoitwa mapato jumla.

Mwalimu wetu alikuwa Ocen, mwana wa askari, aliyezaliwa kambini na kukulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama gwaride. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza na mtihani ungekuwa wa Kiingereza, lakini darasani palikuwa na fundi cherehani Mkongomani, palikuwa na askari wa kaskazini, palikuwa na mimi, na kila neno likigoma kuingia kichwani Mwalimu alikiweka kitabu chini, akasema, "Sasa tuzungumze kama watu." Alitembea na karanga za kukaanga kwenye mfuko wa shati, ule ule aliowekea chaki, na kwa kweli sijui mwaka ule alikula chaki kilo ngapi. Jioni ile ninayoikumbuka kuliko zote alichora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja akaandika kinachoingia, upande wa pili kinachotoka. "Mapato," akasema, "ni bei mara vitu ulivyouza. Hayo tu. Gharama ziko za aina mbili. Ipo ile ambayo utailipa hata ukilala usiuze kitu, kama ushuru wa meza. Na ipo ile inayopanda na kushuka kadiri unavyouza, kama nyanya zenyewe. Nendeni nyumbani mkaandike kila kinachotoka mikononi mwenu. Kila kitu. Hata kile mnachokiona kidogo." Kisha akatafuna kitu, karanga au chaki, Mungu ndiye ajuaye.

Meza ya nyanya ilikuwa ya Mama Laker. Alikuwa mwanamke wa Kitgum, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya barabara bila kusimama. Mumewe tulimwita Afande tu, polisi wa miaka thelathini, mtu mkimya kiasi kwamba nilimjua miezi minne kabla sijajua sauti yake ikoje. Walikaa kambini katika kile kijumba cha bati cha duara ambacho askari wenyewe wanakiita mama-ingia-pole, maana usipoinama taratibu mlangoni utaacha kipaji cha uso nje. Humo ndani walilala Afande, Mama Laker na watoto wanne, na jua likiwaka kiligeuka chungu cha kupikia. Nilikula humo mara nyingi. Mama Laker alipika malakwang, mboga yenye uchachu, akaiungia karanga zilizosagwa mpaka ikawa nzito, na alinifundisha kuila kwa viazi vitamu bila kuchafua kitambaa. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, hakikuwa na habari na ngeli, na mimi niliyelelewa na bibi aliyekuwa akinichapa kwa kosa la herufi moja nilikuwa namsahihisha. "Si nyanya kubwa hii, mama, ni nyanya kubwa hizi." Naye hujibu, "Wewe Zaituni, hii, hizi, mutu atakula yote."

Siku moja kabla ya mchana nilikuwa nje ya kijumba kile nikiosha miguu vumbi la soko, nikawasikia ndani. Bati haifichi siri. Afande alikuwa amestaafishwa, na kambini wasiovaa sare hawakai. Wangetakiwa kutoka mwisho wa mwezi uliofuata. Kiinua mgongo chake kilikuwa bado kiko njiani, na njia yenyewe ilionekana ni ndefu. Mama Laker alikuwa amepata chumba Bwaise, chumba na sebule ndogo, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu mbele. "Turudi Kitgum," nikamsikia Afande akisema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake, laini ajabu. "Kule hakuna kodi." Mama Laker akasema, "Kule hakuna shule ya Laker. Mimi siende." Akafunika sufuria kwa kishindo. "Nyanya italipa."

Wiki ile ile habari zikaja kwamba mama yake Mama Laker ameanguka na kuvunjika nyonga. Ilimbidi aende. Asubuhi akanikalisha nyuma ya meza, juu ya kasha tupu, tukala katogo ya ndizi na matumbo katika sahani moja, akanipa kopo la maziwa ya unga lenye mtaji wake wote. Mtaji ule ulikuwa wa makasha manne ya nyanya, makasha ya mbao, yale yanayokuja na malori alfajiri. Makasha manne yakizunguka vizuri kwa wiki tatu yangeleta kodi ile na mtaji ungebaki. "Zaitu," akasema, "hii kopo ndiyo mlango ya nyumba yangu. Usifungue vibaya." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwa sababu sasa nasoma uchumi. Nayakumbuka maneno yangu na mpaka leo nikiyakumbuka natamani kuingia chini ya meza.

Sasa, kwa asiyejua masoko ya Kampala, kuna kitu kinaitwa nyongeza. Fungu la nyanya pale mezani lilikuwa nyanya tano, nne chini na moja juu kama kofia. Mnunuzi analipa, muuzaji anamwaga fungu kwenye mfuko, lakini mnunuzi hafungi mfuko. Anaushika wazi, anakutazama. Hapo unachukua nyanya ya sita, si lazima iwe nzuri sana, unamtumbukizia, na ndipo mfuko unafungwa na mnaagana. Hakuna anayeiandika popote. Ukinunua vitunguu ni hivyo, ukinunua maharage ni hivyo, na nasikia hata wauza mkaa wanaongeza vipande viwili. Nilikuwa nimeifanya mara elfu bila kuifikiria, hadi nilipokaa jioni na daftari langu nikaandika kila kinachotoka mikononi, kama Mwalimu alivyoagiza. Ushuru wa meza. Mchukuzi. Mifuko. Nyanya zilizopasuka. Na nyongeza. Nilipiga hesabu, nikapiga tena, nikahisi kama mtu aliyegundua mwizi chumbani kwake: katika kila nyanya sita, moja ilikuwa inaondoka bure! Katika kila kasha, sehemu moja ya sita ilikuwa inatembea kwa miguu yake kwenda majumbani mwa watu, bila kuleta senti. Nilimwonea huruma Mama Laker, maskini, miaka yote ile ananyonywa na hajui.

Kesho yake nilikata ubavu wa boksi la sabuni nikaandika kwa wino mzito, HAKUNA NYONGEZA, nikalisimamisha mbele ya meza. Kato, jirani yangu wa meza ya pili, kijana mwenye maneno kuliko nyanya, akainama akalisoma polepole kama barua ya mahakama.

"Tano," akasema, maana jina lile ni yeye aliyelianzisha, siku ile ile. "Hiyo umeandika, nani amekufa?"

"Hasara ndiyo imekufa," nikamjibu.

"Mungu ailaze pema," akasema Kato, akaendelea kupanga nyanya zake.

Siku ya kwanza nilikuwa malkia. Watu walikuwa na haraka, wengine hawakuona boksi, na kila kasha lilitoa mafungu mengi kuliko zamani. Jioni nilihesabu nikaona pesa zimeongezeka kweli kweli, nikaenda darasani nikiwa nimevimba kiasi cha kutopita mlangoni. Siku ya pili watu walianza kushika mifuko wazi. Wanashika, wananitazama, mimi natazama boksi. Hakuna aliyegombana. Laiti wangegombana! Mganda akikukasirikia sokoni hukuambia "weebale, nnyabo," asante sana, mama, kwa upole wa kukutoa machozi, kisha humwoni tena. Siku ya tatu akaja Nnaalongo na kikapu, maana hoteli yake ilikuwa imefungwa siku mbili. Huyo peke yake alinunua mafungu ishirini kila asubuhi kwa ajili ya hoteli yake. Nikamwagia ishirini. Akabaki ameshika kikapu wazi.

"Nnyabo, umesahau," akasema.

"Sijasahau, Nnaalongo. Tumeacha nyongeza. Ni gharama isiyo na mapato."

"Ni nini?"

"Gharama isiyo na mapato."

Akageuka kwa Kato. "Kato, huyu mtoto anasema ananidai?"

"Anasema wewe ndiye unamnyonya," akasema Kato, mchochezi wa kuzaliwa.

Nnaalongo hakupandisha sauti. "Mimi kira siku nakuja hapa, natoka kwangu, napita meza kumi na mbiri, nakuja kwa Mama Laker. Sasa niambie, hizo meza kumi na mbiri nilikuwa napita bule?" Akakiweka kikapu chini. "Haya, ludisha pesa yangu." Akatoa nyanya zangu kwenye kikapu, moja moja, bila hasira, akizipanga tena mafungu ya tano tano na kofia yake juu, mafungu ishirini yaliyonyooka kuliko ya kwangu. Kisha akahamia kwa Kato, hatua tatu tu, na nikasikia nyanya zikiingia kikapuni, na zile za nyongeza zikiingia nyuma yake, Kato akizihesabu kwa sauti ili nisikose hata moja.

Mtu mwenye akili angelichana boksi lile pale pale. Mimi nilikuwa na kitu kibaya kuliko ujinga, nilikuwa na daftari. Nilijiambia ni suala la siku chache, wateja watazoea. Nyanya hazikungoja wazoee. Jua la wiki ile lilikuwa la kukaanga yai juu ya kipara, na nyanya zikaanza kulegea kutoka chini ya kasha kwenda juu. Alikuja mama mmoja anayetengeneza sosi ya nyanya akataka kasha zima la zile laini kwa nusu ya bei niliyonunulia. Nikakataa kwa dharau kubwa, eti siuzi chini ya gharama yangu. Kesho yake nililimwaga kasha lile kwenye jalala, na nzi wakanishukuru. Leo nikikaa dukani kwangu na sufuria zangu huwa nafikiria jambo hili. Sufuria ina subira. Ikikataliwa leo inangoja mwakani, inang'aa vile vile. Nyanya ikishanunuliwa, ile pesa uliyoinunulia imekwenda na haina habari nawe tena; swali lililobaki ni moja tu, leo itakuletea nini. Mwalimu Ocen alitufundisha hilo vizuri sana. Bahati mbaya alilifundisha wiki iliyofuata.

Siku ya kumi kopo lilikuwa limepungua kiasi kwamba nilikuwa naogopa kulitikisa. Nikabaki darasani wenzangu walipotoka, nikamweleza Mwalimu kila kitu, nikamwonyesha na daftari. Akanirudishia daftari. Jumamosi asubuhi nikamwona Kalerwe, kavaa shati lile lile la chaki, anaingia sokoni kama mkaguzi. Akalipa mia tano, nikammwagia fungu moja. Akaufungua mfuko, akaushika wazi.

"Kuna ngapi humu, dada Zaituni?"

"Tano, Mwalimu."

"Zamani, nikitoka hapa na mia tano yangu, nilikuwa na ngapi mkononi? Usihesabu mezani kwako. Hesabu mkononi kwangu."

Nikafungua mdomo kusema tano. Nikautazama mkono wake. "Sita," nikasema.

"Kwa hiyo umepunguza gharama?"

Kato naye alikuwa ameacha kazi yake, kakaa juu ya ndoo kusikiliza masomo. Nilitazama mafungu yangu, kofia zote zile zimepanga foleni, na nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku nilipozaliwa. Fungu halijawahi kuwa tano. Fungu lilikuwa sita. Tano zinakaa mezani na moja inakaa mkononi mwa muuzaji, na bei ilikuwa ya zote. "Nimepandisha bei," nikasema.

"Umepandisha bei," akasema Mwalimu, "halafu ukaweka na tangazo." Akatoa karanga mfukoni, akazipuliza vumbi jeupe. "Mapato ni bei mara vitu ulivyouza. Wewe ulishika bei ukaitazama sana, na vitu ulivyouza vikaondoka kwa mlango wa nyuma." Kato akapiga makofi. Kama angetoza ada ya kutazama, siku ile angenishinda kwa faida tena.

Nililichana boksi. Nyongeza ikarudi, nikaongeza hata mbili, hata tatu, nikamfuata Nnaalongo hotelini kwake na karai la nyanya za bure kama mtu anayekwenda kuposa. Alirudi baada ya wiki mbili kamili, wala si siku moja kabla. Lakini wakati huo wiki tatu za Mama Laker zilikuwa zimekwisha, na kopo lilikuwa na pesa za makasha mawili na nusu. Kodi ya Bwaise haikuwamo kabisa.

Nilikuwa na pesa nyingine. Zilikuwa zimeshonewa ndani ya mto wangu, ada ya kujiandikisha kwa mtihani, akiba ya mwaka mzima ya kutokula nyama na kutembea kwa miguu kila nilipoweza kutembea. Siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa Ijumaa, na Mama Laker alikuwa anarudi Alhamisi. Wenye vitabu wana jina la hali hii. Wanaiita gharama ya fursa, kwamba bei ya kitu chochote ni kile kizuri zaidi ulichokiacha ili ukipate. Mwalimu alikuwa ametupa mfano wa shamba la mahindi ambalo lingeweza kuwa la maharage. Mimi nilikaa kitandani na mkasi, nikafumua mto, pamba ikaruka mpaka kwenye nyusi, na sikuona mahindi wala maharage. Nilimwona Laker, mtoto wa miaka kumi, amekaa juu ya mizigo kwenye lori la kwenda Kitgum. Sitajisifu, ingawa kwa kawaida najisifu kwa mambo madogo kuliko hayo. Nililia kwa hasira, si kwa wema. Kisha nikaziweka zote kwenye kopo.

Mama Laker akarudi mwembamba, macho mekundu kwa safari. Akahesabu kopo lote juu ya kasha, mara mbili, kwa vidole virefu vilivyokuwa vinalowa mate kidogo kidogo. "Iko," akasema. "Ya kodi iko, na ya kasha nne iko." Akanitazama. "Kato ameniambia habari ya boksi."

"Kato ana mdomo."

"Ameniambia umetupa kasha. Umefukuza Nnaalongo. Sasa hii pesa imetoka wapi?"

"Nilikuwa na akiba, mama."

"Akiba ya nini?"

"Ya akiba."

Akazipanga noti zote upande mmoja. Halafu akafunga kopo, akalifunga na kwenye kitambaa. "Kesho njoo mapema," akasema. "Nitakufundisha kupanga fungu."

Walihamia Bwaise Jumamosi. Nilikuwa nimemwomba Mwalimu ruhusa ya kukosa somo, nikamwambia ninahamisha watu, na hata jina la mtaa nikalitaja. Tulibeba magodoro mawili, masufuria, sanduku la chuma la Afande lenye namba yake ya askari ubavuni. Chumba kilinuka chokaa mbichi. Laker alikwenda mlangoni akaingia akiwa amesimama wima, akatoka, akaingia tena wima, akatoka, mara kumi hivi, mpaka mama yake akamwambia mlango utachoka. Mchana tulikaa chini juu ya mkeka, malakwang katikati, viazi vikitoa moshi, na kupitia ukutani tukawasikia majirani wakiulizana kwa Kiganda ni kina nani wamehamia, mmoja akisema ni polisi, mwingine akisema basi tufiche pombe. Afande alicheka bila kutoa sauti, mabega tu.

Hapo Mwalimu akabisha hodi. Alikuja na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, bahasha mkononi. Mama Laker akamkaribisha chakula. Yeye akabaki amesimama mlangoni.

"Dada Zaituni," akasema, "jana nimepeleka majina. Nilikungoja mpaka wakafunga dirisha. Jina lako halimo."

"Najua, Mwalimu."

"Ulikuwa na ada. Ulinionyesha mwenyewe."

"Imekwenda."

"Imekwenda wapi?"

Nilitazama chini. Nilikuwa na kipande cha kiazi mkononi na nilikiona ni kitu cha kuvutia sana. Mama Laker alitazama bahasha, akanitazama mimi, akatazama kuta zile nne, dari, dirisha lenye kioo kimoja kilichopasuka. Niliona hesabu ikipita usoni mwake, haraka, bila ubao na bila chaki. Akaweka kijiko chini. Akamwambia Afande maneno machache kwa lugha yao.

"Mwalimu," akasema halafu, "hii mtihani, mwaka ujao iko tena?"

"Ipo kila mwaka."

"Basi andika jina yake sasa. Weka ya kwanza, juu kabisa. Mimi nitaleta pesa mwenyewe, nitakupa kwa mkono." Na aliileta kweli, mwaka uliofuata, nami nikafanya mtihani ule nikafaulu, ingawa si kwa kiwango ninachowaambia watu.

Lakini ninalotaka kulisimulia ni Afande. Alikuwa amevaa fulana yenye tundu begani na suruali ya kazini iliyokwisha rangi. Aliinuka kutoka mkekani taratibu, magoti yakalia. Akajinyoosha, akaunganisha visigino vya miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji, kifua mbele, akanigeukia mimi, muuza nyanya wa miaka ishirini na mitatu mwenye karanga kidevuni, na akanipigia saluti. Ilikuwa saluti kamili, ile wanayopigiwa wakubwa wakishuka garini, mkono umetetemeka kidogo ukingoni mwa paji la uso kisha ukatulia. Miaka thelathini alikuwa amezipiga akilipwa. Watoto wakaacha kula. Mwalimu naye, aliyezaliwa kambini, bila kujua akabana visigino. Nami sikujua mtu hujibuje kitu kama kile, mikono yangu yote miwili ilikuwa na mchuzi, na Afande alikuwa bado amesimama pale, hashushi mkono.

"Mzee," akasema Mama Laker, akijipangusa macho kwa kiwiko, "kaa chini. Chakula inapoa."